Na Akifa?

Jumapili ya tarehe 12 Julai 2015 tulijazana barazani kwa jirani yetu, Makorora, hapa Tanga. Yeye ndiye aliyekuwa na televisheni kubwa na moyo wa kuitoa nje. Kule Dodoma CCM ilikuwa imemaliza kuchuja. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wamechukua fomu za urais, wakabaki watano, wakabaki watatu, akabaki John Pombe Magufuli. Barazani wengine walikuwa bado wanamlilia waliyemtaka akakatwa, wengine wanacheka, wengine wamenuna. Ndipo likatajwa jina la mgombea mwenza: Samia Suluhu Hassan.

Nakumbuka vizuri nilichosema, na siwezi kumsingizia mtu mwingine. Nilisema, "Aah, huyo wa kupamba bango tu." Watu wakacheka. Mimi ni mwanamke, ni mwalimu, na kwenye vikao vya walimu huwa wa kwanza kulalamika kwamba wanawake tunapewa umakamu ili picha ipendeze. Siku ile nikasema vilevile wanavyosema wale ninaowalalamikia.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja muuza dagaa, kwenye ndoo aliyoipindua. Kwa kawaida si msemaji. Akauliza, "Na akifa?"

"Nani?"

"Huyo mkubwa. Akifa, si ndiyo anakaa huyu?"

Baraza zima likamgeukia. "Wewe mwanamke, tema mate chini!" Bi mkubwa mmoja akamwambia hayo ni maneno ya kumwita mtu kaburini. Mama dagaa akatema mate chini, akainamia kanga yake, akanyamaza. Mazungumzo yakarudi kwenye mambo ya maana, yaani nani kakatwa na kwa nini.

Nimelibeba swali lile miaka yote hii. Naamini ndilo swali pekee la maana siku ya kumchagua mgombea mwenza, na ndilo pekee lisilotakiwa kuulizwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mwenza ni yule mlioshirikiana jambo. Lakini huku pwani ukisema mwenza bila maelezo, wapo watakaofikiria mke mwenza, na hapo hakuna tena ushirikiano wa kusifiwa. Mke mwenza mnagawana nyumba na mume, mnasalimiana vizuri mbele za watu, na kila mmoja anajua mwenziwe anapika nini leo. Sijui nani alikaa akachagua kumwita huyu wa pili "mgombea mwenza", ila alijua Kiswahili.

Kwetu Tanzania cheo hiki kilizaliwa kwa hesabu. Kabla ya vyama vingi, Muungano ulikuwa na makamu wawili wa rais, na Rais wa Zanzibar alikuwa mmoja wao kwa cheo chake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, watu wakaanza kuwaza: itakuwaje Zanzibar ikichukuliwa na chama kingine? Rais wa Muungano atakuwa na makamu kutoka chama cha wapinzani wake. Basi katiba ikabadilishwa, na kuanzia uchaguzi wa 1995 mgombea urais akawa anakuja na mwenza wake, wa chama hichohicho, wanapigiwa kura pamoja. Unaweka tiki moja, unapata watu wawili. Na sharti likawekwa: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili.

Sharti hilo ni zuri, silibezi. Lakini limetuzoesha kuuliza swali moja tu: anatoka wapi? Mkapa alikuja na Omar Ali Juma kutoka Pemba, Kikwete akaja na Ali Mohamed Shein, kisha na Mohamed Gharib Bilal. Sisi tuliotazama kutoka bara tulitikisa kichwa: haya, Zanzibar wamepata chao. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza mzee huyu anaweza nini.

Mwaka 2015 hesabu ilichekesha zaidi. Vyama vya UKAWA vilikubaliana kumsimamisha Edward Lowassa kwa tiketi ya CHADEMA. Mwenza alitakiwa atoke Zanzibar, na nguvu ya upinzani Zanzibar ilikuwa CUF. Ila sheria haijui ndoa za vyama, inataka wote wawili wawe wa chama kimoja. Basi Juma Duni Haji, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa CUF, akahama akawa mwanachama wa CHADEMA ili awe mwenza. Watu walicheka. Mimi niliona ndipo siri ilipotoka: tunamtafuta mtu wa kujaza pengo, hata kama itabidi kwanza abadilishe kadi.

Na si kwamba kifo hakijatugongea mlango. Omar Ali Juma alifariki Julai 2001 akiwa madarakani. Oktoba 2005, siku chache kabla ya uchaguzi, alifariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe. Zanzibar walipiga kura zao tarehe 30 Oktoba kama ilivyopangwa, lakini uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba. Nchi nzima ilisimama wiki sita kwa ajili ya mtu ambaye wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulishika jina lake. Ukiwauliza watu leo, watakumbuka kwamba uchaguzi uliahirishwa. Jina ndilo hawalikumbuki.

Sisi watu wa Tanga, Mombasa iko karibu kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo ya Kenya nayo tunayafuata kama ya kwetu. Zamani makamu wa rais kule aliteuliwa na rais na kuondolewa na rais, siku yoyote atakayoamka vibaya. Katiba ya 2010 ikaleta mgombea mwenza anayepigiwa kura pamoja na mkubwa wake. Mei 2022 wagombea wakubwa wawili waliwatangaza wenza wao siku mbili zilizofuatana: William Ruto akamtaja Rigathi Gachagua tarehe 15, Raila Odinga akamtaja Martha Karua tarehe 16. Wote wawili wa Mlima Kenya. Mlima ndio uliokuwa na kura, na safari hii haukuwa na mgombea wake mkubwa wa urais. Upande wa Raila waliunda hata jopo la kuwahoji waliotajwa, kama watu wanaoomba kazi, na baadhi ya vigogo wakaona wamedhalilishwa kuambiwa waende kwenye usaili.

Mimi lile jopo nililipenda. Angalau kuna mtu alifikiri kwamba hii ni kazi, na kazi ina maswali yake.

Upande wa Ruto, Profesa Kithure Kindiki alikuwa ametajwa sana, lakini akapewa Gachagua. Mlima ulileta kura. Miaka miwili haikutimia vizuri ndoa ikavunjika, na Oktoba 2024 Bunge likamng'oa Gachagua. Seneti ilimkuta na hatia katika mashtaka 5 kati ya 11, usiku ambao mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali. Nafasi akapewa Kindiki. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshanyolewa zamani, na nywele zilikuwa zimeanza kuota.

Hapa ndipo niingie kwangu, maana ningekuwa na ya wanasiasa tu nisingeandika.

Tuna kikoba chetu mtaani, wanawake thelathini. Tunakutana kila Jumamosi, tunanunua hisa, tunakopeshana, mwisho wa mwaka tunagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mwaka 2017 nikagombea uenyekiti. Walimu na wauguzi walikuwa wangu. Wanawake wa sokoni hawakuwa wangu. Waliniona najidai, na hawakukosea sana. Walikuwa kumi na watatu. Nikapiga hesabu, nikaenda kwa yule mama muuza dagaa, nikamwambia, "Shoga, gombea umakamu na mimi."

Sikumchagua kwa swali lake la barazani. Lile nilikuwa nimelisahau. Nilimchagua kwa sababu sokoni wanampenda, na kwa sababu alikuwa mkimya. Hiyo ya pili sikumwambia mtu. Nilitaka mtu wa kuniletea kura kumi na tatu na asiniletee maneno. Tukashinda.

Mwaka na nusu alikaa kando yangu kila Jumamosi. Alikuwa anapanga viti, anawanyamazisha watoto, anaanzisha dua. Daftari kuu nilikuwa nalilaza nyumbani kwangu. Hakuwahi kuliomba, nami sikuwahi kumwonyesha. Akaunti ya kikundi ya simu tulikuwa tunaijua mimi na mweka hazina. Kama angeniuliza wakati ule makamu wangu anajua nini, ningejibu kwa moyo mweupe kabisa: hajauliza.

Baadaye nilisoma habari za Harry Truman wa Marekani. Alikaa makamu siku 82 tu, Aprili 1945 Roosevelt akafa, na ndipo wakamweleza habari za bomu la atomiki. Vita vya dunia vinapiganwa, na mtu ambaye angeachiwa kila kitu hakuwa ameambiwa kuna silaha ya namna hiyo inatengenezwa. Nilipoisoma habari ile sikushangaa. Nilijua inavyotokea. Hakuna anayekaa akapanga kumficha makamu. Unaona tu kila siku kwamba leo si lazima kumwambia.

Sasa, mdogo wangu alipata shida na pikipiki yake ya biashara. Hakuwa mwanachama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakopa mpaka mwisho wa hisa zangu, mara tatu, kama kanuni inavyoruhusu. Nikamwomba mweka hazina tutoe laki nane katikati ya wiki, nitairudisha kabla mtu hajajua. Akakubali kwa sababu mimi ni mwenyekiti. Nikaandika kwenye kikaratasi, nikakichomeka kwenye jalada la daftari. Nilikiandika ili nisisahau, na nilikichomeka pale ili kisionekane.

Novemba 2018 bodaboda niliyopanda iliingia chini ya kirikuu. Mguu ukavunjika mara mbili. Nikalazwa wiki tano, na Desemba ndiyo ya kugawana. Makamu akaenda kwangu kuchukua daftari, binti yangu akampa.

Alikuja hospitali jioni yake na chupa ya uji. Akanimiminia, akasubiri ninywe. Kisha akatoa kile kikaratasi kwenye pindo la kanga, akakiweka juu ya shuka.

"Dada," akasema, "ulinichagua nikusaidie, au ulinichagua ninyamaze?"

Nilitafuta neno sikuliona. Nikamwambia nitalipa. Akasema anajua nitalipa. Nikamwambia basi asubiri nitoke, nitawaambia wanachama mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Jumamosi tunahesabu. Hesabu haitafika. Nikinyamaza, hiyo laki nane inakuwa ya kwetu wote wawili."

Jumamosi akaisoma mbele ya wanachama wote, jina langu, kiasi, na tarehe. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kuliko waliokuwepo. Mgao wangu ulikatwa wote, iliyobaki nikalipa kwa miezi saba. Mweka hazina alitolewa. Uenyekiti niliandika barua ya kuuacha kabla sijaambiwa, na mama dagaa akakaa.

Nilimchukia mwaka mzima. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisikutane na ndoo yake. Kilichoniuma kuliko aibu ni kujua kwamba kama ningemchagua mtu wa namna niliyoitaka, mkimya kweli kweli, kikoba kingevunjika mikononi mwake na mimi niko kitandani nimefungwa mguu juu.

Uchaguzi uliofuata, mapema 2020, akabisha hodi kwangu. Anagombea, anataka mimi niwe makamu. Nikadhani ananicheka. Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya yote yale.

"Walimu hawanitaki," akasema. "Wewe utanipa walimu."

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tulipokosana. Kumbe na yeye anapiga hesabu! Kisha akaongeza, "Na daftari unalijua. Mimi nina presha, mwenzangu. Nikianguka leo, kesho atalishika nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu ya kura si dhambi. Nchi ina sehemu mbili, mlima una watu wake, soko lina wanawake kumi na watatu ambao nao wanataka kuonekana. Anayegombea bila kuwahesabu atashindwa, na pengine anastahili kushindwa. Kosa ni kuishia pale. Baada ya "ataniletea nani?" kuna "nikiondoka, atabaki nani?" Hilo la pili ni gumu kwa sababu linamtaka mtu ajione hayupo, na siku ya kuchaguliwa ndiyo siku mtu anajiona yupo kuliko siku zote. Sisi hata wosia hatuandiki. Mtu ana nyumba tatu na wake wawili, ukimgusia wosia anakuuliza kama umemchoka. Mgombea mwenza ni wosia ambao sheria inamlazimisha mgombea kuuandika hadharani, ngoma zikipigwa. Ndiyo maana wengi wanauandika bila kuutazama.

Machi 2021 Makamu wa Rais alikuwa ziarani mkoani kwetu. Wiki hiyo nchi ilikuwa na minong'ono, kila mtu anaulizia afya ya rais kwa sauti ya chini. Usiku wa tarehe 17 simu yangu ikalia. Ni mwenyekiti wangu. "Washa TBC." Nikawasha, nikamkuta Samia Suluhu Hassan anatutangazia kwamba Rais Magufuli amefariki. Tarehe 19 akaapishwa. Hapakuwa na uchaguzi, hapakuwa na kikao cha kumjadili. Kikao kilikuwa kimeshakaa miaka sita nyuma, kule Dodoma, wakati sisi tunacheka barazani.

Ameongoza vipi tangu siku ile ni mjadala mwingine, mzito, na wengine wana machungu nao. Ninachosema hapa ni kidogo tu: siku tulipoweka tiki, wengi wetu hatukujua kwamba tulikuwa tunaweka tiki hiyo pia. Ilikuwepo kwenye karatasi. Katiba ilikuwa imeandika mpaka hesabu ya miaka: anayerithi ikiwa imebaki miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Walioiandika waliuliza "na akifa?" na hawakutema mate.

Simu ilikuwa bado wazi sikioni. Nilikuwa nasubiri anikumbushe ile siku ya ndoo. Hakunikumbusha. Alikuwa analia, nami nikalia. Baadaye akasema, "Jumamosi daftari utasoma wewe." Tangu hapo ni kanuni: Jumamosi ya kwanza ya mwezi makamu ndiye anayesoma daftari zima kwa sauti, mikopo yote, hata ya mwenyekiti. Nasoma vibaya, nasoma haraka, wananirudisha nyuma.

Januari 2025 tukawa tena barazani kwa jirani. Televisheni sasa ni nyembamba, ndoo ni ileile. Dodoma wamemtaja Emmanuel Nchimbi kuwa mgombea mwenza, na maswali yakaanza kama kawaida: wa wapi huyu, dini gani, anatuletea nini. Nikamtazama mama dagaa. Alikuwa anachambua dagaa zake, hana habari na mtu.

Basi nikauliza mimi. "Na akifa?"

Bi mkubwa mmoja akaniambia niteme mate chini. Nikatema. Kisha nikarudia swali.